Mama Wawili Katika Chumba cha Kuzalia

Mwanangu Rukia,

Nimekutumeni Al Barsha, wewe na baba yako, mkanunue begi jipya la safari, ijapokuwa la zamani halina ila hata moja. Nilitaka nyumba inyamaze kidogo alasiri hii, na kwa foleni ya barabara ile najua hamrudi upesi.

Usitegemee kukuta humu habari za pasipoti, wala za dawa ya tumbo, wala za kutia mafuta kichwani. Hayo nimeshayasema mpaka ukaziba masikio. Nataka kukusimulia tulivyokupata. Utasema unajua. Unajua mwanzo na mwisho. Tangu hujaweza kufunga kamba za viatu tulikwambia kwamba aliyekuzaa ni Mwanasha, kwamba marehemu baba yako ni Athumani na jina lake ndilo unaloitwa, na kwamba mimi na Nassor ni walezi wako. Lakini ya katikati hatujakusimulia yote. Na kwa kuwa kesho unakwenda kuishi Mombasa kwa Mwanasha mpaka umalize chuo, sipendi uingie nyumba ile na nusu ya habari.

Wakati ule tulikuwa tukikaa Deira, ghorofa ya tatu, juu ya duka la kushonea mabuibui. Treni ilikuwa bado haijaanza, nguzo zake ndiyo kwanza zinapanda. Nassor alikuwa na duka lake la vipuri vya magari, mimi karani skuli. Watoto tulikuwa hatuna. Tulikuwa tumeshazunguka kwa madaktari hapa na India, na mwisho tukachoka wote wawili kwa siku moja, bila ya kuambizana. Nassor alirudi nyumbani na samaki wa kuchoma, tukala, akasema, "Zuwena, mimi na wewe tunatosha." Nikasema, "Tunatosha." Tukaendelea kula. Alikuwa anasema kweli, na mimi pia, na bado kila nikipita dirisha la duka la nguo za watoto nilikuwa naangalia upande wa pili wa barabara.

Mwanasha alikuwa fundi katika duka lile la chini. Mombasa mtupu: mrefu, mcheshi, akikupima bega anakwambia na maisha yako yatakavyokuwa. Nilimpelekea gauni moja likawa mawili, halafu nikawa nateremka hata sina nguo ya kushonwa. Mumewe, Athumani, alikuwa dereva wa ofisi ya kusafirisha mizigo Afrika. Mtu wa maneno machache. Akija kumchukua mkewe jioni, alisimama mlangoni na mfuko wa mishikaki na kusema, "Yalla, fundi," na fundi aliacha hata nguo ikiwa bado mdomoni mwa cherehani. Watoto wao wawili walikuwa Likoni kwa bibi yao.

Athumani alifariki kazini, ghafla, ni moyo. Wenzake walimpeleka hospitali akiwa ameshakata roho. Mwanasha alikuwa na mimba yako, changa bado. Chumba walichopanga hakuweza kukilipia peke yake, na mjane wa eda utampeleka wapi, kwenye kitanda cha kupanga katika chumba cha wanawake wengi? Nassor ndiye aliyesema kwanza. "Tuna chumba hakina mtu. Mlete." Arbab wa Mwanasha, yaani tajiri wake mwenye duka la kushonea, naye alikuwa mtu na nusu. Alimwambia, "Khalas, kaa mpaka ujifungue, cherehani yako haendi mtu kuikalia."

Basi akaja kukaa kwetu. Eda ya mjamzito inakwisha siku anayojifungua, kwa hiyo tulikuwa naye miezi yote. Usidhani ilikuwa miezi ya kilio tu. Wiki za mwanzo, ndiyo. Baadaye mama yako alirudi kuwa mama yako. Alinifundisha kukata sketi, nikaharibu mapazia mawili. Tulibishana namna ya kupika mchuzi wa papa mpaka Nassor akasema atakula nje. Na tumbo lilikua, nami nikawa nalitazama kwa kuiba, kama mtu anayesoma gazeti la jirani.

Neno halikutoka kwangu, Rukia. Nataka ulijue hilo vizuri. Nilikuwa naona haya hata kuliwaza. Tulikuwa jikoni, yeye amekaa anasukuma chapati, mimi nachoma.

Akasema, "Da Zuwena, nataka kukwambia jambo, lakini usigeuke. Tazama chapati."

Nikatazama chapati.

"Nshafikiri sana. Huko nyumbani nina wawili, na mamangu ashazeeka. Nikirudi na kichanga, kazi siwezi kuifuata tena huku. Nisipoifuata, wale wawili nitawalea na nini? Huyu nataka mumlee nyinyi. Wewe na Nassor."

Chapati ikaungua. Nilimwambia, "Mwanasha, watu hawatoi mtoto kwa sababu ya kukaa kwa watu."

Akacheka. "Wanionaje wewe? Waona nalipa kodi? Mimi nimekaa hapa nimewatazama. Nimeona mumeo akipiga pasi nguo zako. Nimeona mwagombana na hamtupiani maneno mabaya. Simtoi, namtafutia mahali. Na nina masharti."

Masharti yake aliyataja huku akiendelea kusukuma. Jina la Athumani lisiguswe. Nassor nilipomwambia usiku, alilikubali hilo kabla sijalimaliza, kwani hata dini yetu haituruhusu kumwondolea mtoto nasaba yake. La pili, ujue tangu mdogo nani kakuzaa, usije ukaambiwa na watu wa nje. Yeye uwe unamwona na unamwita mama. La mwisho, siku ya kuzaa niwe naye ndani, nisikae nje kama mgeni anayesubiri kuletewa chai.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo bado linanisaidia: mtu akikupa kitu kikubwa, usimsaidie kujishawishi. Nassor alimwita sebuleni siku ya pili na kumwambia, mbele yangu, "Mwanasha, maneno ya kabla ya kuzaa hayamfungi mtu. Ukimwona mtoto ukabadili nia, hapana atakayekununia humu ndani." Mimi niliitikia kwa kichwa. Moyoni nilikuwa nataka kumziba mdomo mume wangu kwa mto wa kochi.

Uchungu ulimshika alfajiri. Nassor aliendesha gari kwa mwendo ambao sijawahi kumwona nao tena, kwenye taa nyekundu anatikisa mguu, na Mwanasha nyuma ndiye anayempoza: "Pole pole baba, huyu hajui njia bila mimi."

Ndani ya chumba cha kuzalia nilijiona najua kila kitu. Nilikuwa nimesoma. Nilimwambia avute pumzi, nikavuta mimi. Nikamwambia atoe, nikatoa mimi. Nikavuta na kutoa mpaka ukuta ukaanza kuzunguka. Nesi alikuwa mama wa Kihindi, mnene, mwenye sauti ya mwalimu. Akaniletea kiti, akanikalisha, akauliza, "Madam, hapa anayezaa ni nani?" Mama yako, katikati ya uchungu wake, alicheka kicheko ambacho nesi alisema hajapata kukisikia chumbani mule. Halafu kikaja kishindo kingine na kicheko kikageuka ukelele.

Akaninyoshea mkono. Nikauacha ule usomi wangu, nikamshika tu. Alikuwa anamwita Athumani. Si kwa kulia, bali kama mtu anayemwita mumewe yuko chumba cha pili: "Athumani! Wasikia? Athumani, ndo huyo aja!" Nikawa najibu mimi. "Anasikia, Mwanasha. Anasikia." Sijui kama nilikuwa na haki ya kulijibia hilo. Yeye aliniminya mkono kila nilipojibu, na mkono huu wa kushoto niliufunga bendeji wiki nzima.

Ukaja, mwanangu. Ulikuja umekunja uso kama umekatizwa usingizi na watu wasio na adabu. Halafu ukapiga ukelele hata Nassor, aliyekuwa nje na chupa yake ya kahawa, akasimama na kuimwaga juu ya kanzu. Nesi akanipa mkasi. Mimi ndiye niliyekukata kitovu. Nilikata mara mbili.

"Nani?" Mwanasha akauliza.

"Msichana."

"Afanana na nani?"

Nikakutazama. "Na Athumani. Pua tupu."

Akafumba macho, machozi yakamtoka huku anatabasamu. Nesi akakulaza juu ya kifua chake. Ukanyamaza papo hapo. Ulimjua.

Nassor akaruhusiwa kuingia baadaye, kanzu na madoa yake, akakuadhinia sikioni. Ndipo Mwanasha aliposema, bila ya kututazama, "Da Zuwena. Kaka Nassor. Msinikasirikie. Sijui kama naweza."

Nilisema, "Hapana wa kukukasirikia." Nikambusu kwenye paji la uso. Nikatoka nje, nikatembea mpaka mwisho wa ukumbi penye mashine ya soda, nikasimama naitazama mashine ile kama ndiyo iliyonidhulumu. Nassor akanifuata. Sikulia. Nikamwambia, "Kile kitanda kidogo cha mtoto, tulichokiweka chumbani kwetu, tukirudishe dukani kabla hajafika nyumbani akakiona pale."

Nassor akasema, "Kwa nini? Tuliandaa nyumba kwa ajili ya mtoto. Mtoto anakuja nyumbani. Mambo ya nani wake tutayajua mbele ya safari."

Ukiolewa, Rukia, na wala sikuharakishi, masomo yako ya umeme kwanza, olewa na mtu anayeweza kusema neno kama lile akiwa amelowa kahawa.

Tukarudi nyumbani wanne. Kitanda chako tukakiweka chumbani kwa Mwanasha. Na hapo zikaanza siku ambazo nilikuwa na mtoto ndani ya nyumba na sina mtoto. Nilijiwekea mpaka: sikubebi mpaka niitwe. Ukilia, natia maji kwenye birika, hata kama hapana anayetaka chai. Siku nyingine tulikunywa chai mpaka Nassor akawa hapati usingizi. Nilikuwa nimekaa chini, mgongo kwenye friji, nakusikiliza unavyobembelezwa, nampenda mwanamke yule na namwonea wivu, vyote kwa wakati mmoja, na nikagundua kwamba havigombani. Vinaweza kukaa kifuani pamoja kama watu wawili wasiopendana ndani ya lifti moja. Vinateremka kila kimoja kwenye ghorofa yake.

Akika tukakufanyia, nywele zikanyolewa, pilau likaliwa. Mwanasha akawa anakutazama sana, na mimi nikawa namwacha. Alishuka kilo. Asubuhi moja nilikuwa nafunika kitanda changu, nikakusikia unalia. Nikaelekea jikoni kwenye birika langu. Ukaendelea kulia. Mlango wa chumba chake ulikuwa wazi, yeye amekaa kitandani ameshavaa, nywele amezisuka. Akaniita kwa sauti ya kawaida kabisa, ile aliyokuwa akiniitia dukani nikapime gauni.

"Da Zuwena! Mtoto wako alia. Mbona humchukui?"

Nikasimama mlangoni. "Mwanasha, una hakika?"

"N'na hakika tangu jana. Nilikuwa nataka kulala naye usiku mmoja nikiwa na hakika, ili usiku ule uwe wetu. Sasa ndoo ndani, mchukue, masikio yaniuma."

Nikakuchukua. Hukunyamaza hata kidogo. Ulinililia mpaka adhuhuri, ukanitapikia mara mbili, na mama yako amekaa pembeni anacheka na kulia na kunielekeza: mshike hivi, shingo, shingo, si hivyo wewe, si mkate huo! Ndivyo nilivyoanza kuwa mama. Kwa kukosolewa na mama mwengine, na kwa bahati nzuri.

Yaliyofuata unayajua zaidi. Makaratasi ya ulezi yalituchosha huku na Mombasa, yakaisha. Kisha dada yake Nassor, Thuwaiba, alikuwa na mwanawe Haitham kifuani wakati ule. Akawa anakuja kutoka Mirdif na dereva wake, anapanda ngazi anahema, anakupakata na kukunyonyesha pamoja na mwanawe, ili Nassor awe mjomba wako wa kunyonya na usihitaji kujifunika mbele yake ukikua. Mwanasha aliridhia, akasema tu, "Sasa huyu mtoto ana mama kila mtaa." Ndiyo sababu ulipoambiwa darasani uchore familia yako, uliomba karatasi ya pili. Mwalimu alinipigia simu, kwa upole mwingi, akitaka kujua kama baba wa nyumba ana wake watatu.

Nami nilikuwa na makosa yangu, madogo madogo, usije ukadhani nilikuwa malaika. Mwanasha aliporudi kazini akahamia Al Barsha, kwenye duka la kupunguza na kurekebisha nguo, alikuja kila Ijumaa. Ijumaa nilikuwa nakuvalisha nguo za kupendeza kuliko siku zote, nikidhani ni heshima kwake. Siku moja akaniambia, "Da Zuwena, niletee mtoto wa Jumanne. Huyu wa Ijumaa simjui." Kuanzia wiki ile ukawa unamlaki na fulana yenye doa la mchuzi, na yeye akawa anaondoka kwetu akiwa ametua moyo. Nakupa hilo uende nalo, litakufaa kuliko mafuta ya nazi niliyokufungia: anayekupenda umwonyeshe Jumanne yako.

Na unaikumbuka siku uliyokasirika kwa sababu ya kunyimwa simu, ulikuwa na miaka tisa au kumi, ukasema, "Nitakwenda kwa mama yangu wa kweli!" Nilikujibu, "Yuko kwenye simu, unataka kuongea naye?" Hukujua kwamba kweli alikuwepo, tumeshaanza kupiga soga zetu. Akasema kwa spika, "Rukia, huku pia hapana simu. Na wa kweli wote wawili twakwambia kalale." Ulilala umenuna. Sisi tulicheka mpaka nikatoka jasho, kisha nikaenda chooni nikalia kidogo, kwa sababu maneno yako yaliuma. Hayakuniua. Yalinifundisha kwamba mtoto anayethubutu kukwambia neno kama lile ana yakini kwamba hutamwacha.

Sasa Mwanasha ana duka lake Likoni, cherehani nne, na ndugu zako wakubwa wanakungoja. Unakwenda kusomea umeme, wewe uliyefungua blenda yangu ukiwa darasa la nne ukairudisha inazunguka kinyume. Nimefurahi, Rukia. Furaha yangu ni ya kweli, ina mikono na miguu. Lakini kuna jambo moja nimeliona, nalo ndilo lililonifanya nikutafutieni kisingizio cha begi.

Ukiongea na Mwanasha kwenye simu nami nimekaa karibu, kabla ya kumwita mama unanitazama usoni. Kidogo tu, kama mtu anayeangalia gari kabla ya kuvuka. Umefanya hivyo tangu ulipovunja ungo, na zaidi tangu tulipokata tiketi. Usinitazame. Sikulelewa na mapenzi ya kupimwa kwa kijiko na wala sikukulea nayo. Mwite mama jikoni kwake, mwite barabarani, mwite ukiumwa usiku. Usijizuie kupenda mchuzi wake wa papa kwa ajili yangu, ijapokuwa wangu ndio sahihi. Ukiona unacheka kama yeye, na utaona, cheka. Na ikitokea siku umekasirikiana naye, kwa sababu kukaa na mtu si sawa na kumtembelea, usinipigie simu kunifanya hakimu. Mimi na yeye tumeshakubaliana zamani hatutapokea kesi zako.

Usijaribu pia kutulipa. Hapana katika sisi aliyekukopesha. Yeye alikutafutia mahali, mimi nilikuwa natafuta wa kuja, tukakutana kwenye ngazi za jengo moja la Deira. Wewe kazi yako ilikuwa kuja tu, na ulikuja.

Nilikuwa nimefika hapa, nikataka kuweka kalamu chini, Mwanasha akapiga simu. Kapaka rangi chumba, anataka kujua kama bado unaogopa mijusi. Nikamwambia unaogopa ila unajifanya huogopi. Akasema, "Haya. Nimetia vitanda viwili mle ndani. Kimoja cha mtoto, kimoja cha mamake."

Nikamuuliza, "Mamake yupi?"

"Wewe, wallahi! Mimi n'na kitanda changu, dadangu. Waja lini?"

Mama yako,
Zuwena